RX-8 inawaka ikiwa baridi, ikipata moto inagoma: nimpe muuzaji bei gani?

gia_sita
Wakuu, kuna Mazda RX-8 ya 2005 inauzwa, gia ya mkono. Ikiwa baridi inawaka bila shida. Ukiizima ikiwa ya moto, stata inazungusha tu mpaka ipoe. Taa ya injini inamweka ukikanyaga mafuta. Muuzaji anasema ni plagi tu, na amekata robo ya bei ya gari safi. Robo inatosha?

rota_mbili
Haitoshi mpaka kompresheni (injini inavyokandamiza hewa) ipimwe. RX-8 haina pistoni, ina rota mbili za pembetatu zinazozunguka, na sili ndizo zinazoziba kingo zake. Kugoma ikiwa ya moto ndiyo dalili kuu ya sili za rota kuchoka: oili ikipata moto inakuwa nyepesi na haizibi tena zile nafasi ndogo.

Usikubali kipimo cha injini ya pistoni. Rota moja ina pande tatu, na kipimo kile kinashika namba ya upande wenye nguvu kuliko wote, kwa hiyo upande mbovu unafichika nyuma ya mzima. Tafuta kipimo cha rota kinachotoa namba sita, tatu kwa kila rota. Injini iwe ya moto na betri imejaa. Kiwango cha chini cha Mazda ni kPa 680 kwenye mizunguko 250 kwa dakika. Stata ikizungusha taratibu zaidi namba zitashuka, kwa hiyo andika na mizunguko pia.

koili4
Naongezea kuhusu hizo "plagi tu". Taa inayomweka ni dalili ya cheche zinazokosekana. Hapo kawaida wa kwanza kulaumiwa ni koili, zinazopeleka umeme kwenye plagi, ziko nne. Koili ikifa, petroli isiyoungua inaingia kwenye masega ya egzosi (katalisti, kichujio cha moshi) na kuungulia humo, masega yanayeyuka na kuziba. Moto wa egzosi ukikosa pa kutokea unarudi kuzitesa sili. Kwa hiyo muuzaji anaweza kuwa anasema kweli kuhusu ugonjwa ulivyoanza, ila wewe utalipia ulipofikia.

Kupima masega: fungua sensa ya oksijeni ya mbele, funga geji ya presha kwenye tundu lake, shikilia injini mizunguko 2,500. Ikizidi takriban kPa 20, yameziba.

gia_sita
Asanteni. Fundi amepima kwa mizunguko 255. Rota ya mbele: 720, 710, 725. Ya nyuma: 700, 560, 695.

rota_mbili
Injini hiyo ni ya kufumuliwa. Sili ya ncha, ile ya kwenye kona ya rota, inatenganisha vyumba viwili (kila upande wa rota ni chumba kimoja), ikifa huangusha namba mbili zinazofuatana. Hapa imeanguka moja, kwa hiyo nashuku zaidi sili ya ubavu. Kwa mfuko wako ni yale yale: huwezi kuifikia bila kufungua injini yote, na hali ya kromu ndani ya nyumba za rota (makasha ambamo rota huzunguka) haijulikani mpaka ifunguliwe. Ikiwa imebanduka, nyumba nazo zinabadilishwa na bili inapanda sana. Hata hiyo rota ya mbele haiko mbali na mstari wa 680.

Hesabu yake: chukua bei ambayo gari safi ya mwaka huo *zinauzwa* kweli, siyo inayotajwa kwenye matangazo. Toa spea na ufundi. Kisha toa asilimia 30 ya gharama hiyo kwa yatakayojitokeza. Mfano, gari safi ni 100, matengenezo 45, tahadhari 13.5: zinabaki 41.5. Hapo bado hujajilipa usumbufu wa gari kukaa juu ya mawe. Mimi nisingevuka 35.

puti_nyingi
Hiyo 35 ni kama bodi ni nzima. Chini ya milango na kwenye matao ya magurudumu ya nyuma ndiko kutu inakojificha, gonga kwa kidole usikilize. Pitisha kipimo cha unene wa rangi: ya kiwandani huwa takriban maikroni 80 hadi 150, ukiona 400 kuna puti chini. Angalia sana ile milango midogo ya nyuma. RX-8 haina nguzo ya katikati, ikigongwa ubavuni nafasi za milango hazirudi sawa kirahisi. Ukikuta hivyo, ihesabu kama gari ya kuchinja spea: gia, difu, rimu, viti, basi.