Ukoo wa Babu Elia, Kibosho

Dada Upendo, 19:02
Shikamooni wakubwa. Jumamosi saa nne asubuhi tunakutana kwa Bibi. Joshua atamsomea ile hadithi ya Kampala kabla haijaenda kuchapwa. Mchango 10,000. Naomba majibu LEO.

Dada Upendo, 19:40
Jamani, tiki za bluu naziona.

Elinami, 19:52
Mbege ipo?

Mama Glory, 19:53
😂😂😂

Dada Upendo, 19:55
Elinami mchango kwanza. Joshua weka kipande watu waone.

Joshua, 20:10
"Jumatatu, Januari 25, 1971. Redio ilipiga nyimbo za kijeshi, kisha askari akasoma sababu 18 za kumpindua Obote, naye Obote yuko Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Kwenye nyumba za reli Nsambya, Babu Elia akazima redio. Mtaa mzima ulilia."
Mbele nimeweka mkono wa nje: Waisraeli waliokuwa wakifundisha jeshi la Uganda, na Uingereza iliyomtambua Amin hata wiki mbili hazijaisha.

Baba Mdogo Fred, 20:31
Na Baba Samweli yumo? Au tunamruka kama kawaida? Baba yangu aliuza ng'ombe akamtafute, upande wenu haukutoa hata nauli.

Dada Upendo, 20:33
Baba mdogo, hilo tuliache leo.

Baba Mdogo Fred, 20:33
Mpaka lini?

Elinami, 20:36
Kwa hiyo ni mbuzi au kuku?

Mama Glory, 20:58
Bibi amesikiliza yote. Ameniambia niandike anavyosema:
"Joshua, siku ile hakuna aliyelia. Watu walijaa barabarani na matawi ya miti wakishangilia. Babu yako alikuwemo. Na mimi nilikuwemo, baba yako mgongoni. Samweli peke yake alibaki ndani, akasema mnashangilia bunduki. Hao Waingereza na Waisraeli tulikuja kuwasikia baadaye, huku nyumbani. Andika hivyo, la sivyo usinisomee."

Joshua, 21:41
Nimesikia Bibi. Ila Babu alituambia mwenyewe kwamba aliizima redio.

Mama Glory, 21:49
Anasema: "Aliizima Septemba 1972. Watu wa Obote waliingia Uganda wakitokea kwetu, kila Mtanzania akaonekana jasusi. Samweli alichukuliwa kazini, koti lake likabaki kwenye kiti. Babu yako alilileta lile koti. Liko kabatini kwangu."

Baba Mdogo Fred, 22:15
Mama mkubwa, habari ya koti ndiyo naisikia leo.

Dada Upendo, 22:20
Pole baba mdogo. Jumamosi tunaendelea?

Baba Mdogo Fred, 22:24
Nitakuja kuliona koti. Hadithi sijui.

Joshua, 22:30
Dada, Jumamosi siwezi kuwa nimemaliza. Sura tatu zote zinabadilika.

Mama Glory, 22:31
Mimi Jumamosi nina msiba Machame. Jumapili baada ya ibada?

Elinami, 22:33
Nimetuma 10,000.

Dada Upendo, 22:34
Asante Elinami. Wengine?

Shangazi Arusha, 05:47
Nimeona sasa hivi. Ni Jumamosi hii au ijayo?