Naomba ushauri: ninalala muda wa kutosha lakini ninaamka nimechoka

Ndugu zangu, kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikilala kwa muda wa saa 7 kila usiku, kiwango ambacho watu wazima wanashauriwa wasipungukiwe, lakini ninaamka nikiwa mchovu kana kwamba sikulala kabisa. Ninafahamu kuwa usingizi mzito huja zaidi katika nusu ya kwanza ya usiku, na kwamba kafeini hukaa mwilini kwa saa nyingi. Kwa hiyo nimeacha kunywa kahawa kuanzia adhuhuri kila siku, ninaweka simu mbali mapema, na nimetundika pazia zito linalozuia mwanga wa nje. Nafuu ipo, ingawa ni ndogo.

Kinachonisumbua zaidi ni joto la chumbani, kwa kuwa mwili huhitaji kupoa kidogo ili usingizi ushike, na feni niliyonayo ina kelele zinazonizindua. Je, aliyewahi kupitia hali hii alianza kurekebisha nini? Mwenzangu ananiambia pia kwamba ninakoroma sana na wakati mwingine pumzi hukatika, jambo ambalo nililipuuza kwa muda mrefu, nami sasa naona nilikosea. Je, nimwone daktari kwanza kabla ya kubadilisha mazoea mengine?