Chui yuleyule tangu 1968: Tingatinga bado ni ubunifu?

Mleta mada: Wakuu, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Alifariki 1972. Leo bado tunauziwa chui wake, kwa mtindo unaoitwa Tingatinga kwa jina lake, ila waliomchora ni wengine. Msimamo wangu: asiyeleta kitu ambacho hakijawahi kuonekana ni fundi tu, si msanii. Karibuni.

Mdau 1: Mkuu, kitu kipya ni rahisi mno. Mchore twiga anaongea na simu, jioni umemaliza. Mwakani nani atamkumbuka? Tazama kazi za Tingatinga mwenyewe: mnyama mmoja, nyuma yake rangi moja tupu, jicho limekukodolea. Wanyama walikuwa wakichorwa zamani, hadibodi na rangi vilikuwa dukani. Chake kilikuwa lile jicho. Waliofuata wakaongeza Kilimanjaro, Wamasai, kundi zima la tembo. Vilikuwa vipya, sawa, lakini mmoja akibuni Jumatatu, Ijumaa banda zima la wachoraji linacho.

Mleta mada: Nipe basi aliyerudia picha ileile na bado akawa na chake.

Mdau 2: Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Lubumbashi, Kongo (Zaire ya wakati huo). Enzi za ukoloni wa Mbelgiji, mfungwa kalazwa chini anachapwa, askari mweusi kashika kiboko, mzungu amesimama anatazama. Picha hiyo aliichora mara nyingi, kwa sababu watu waliitaka ukutani sebuleni. Na ni huyohuyo aliyechora historia nzima ya Zaire, takriban picha 100, mwaka 1973 na 1974. Kurudia hakukumuua.

Mdau 3: Nyie mnajadili mkiwa mmeshiba. Mimi ni wa bandani. Mteja anafungua simu, anasema nataka kama hii. Nimfukuze? Namchorea, ila madoa nayapanga ninavyojua mimi, na wenzangu wakiiona hawahitaji kuangalia saini. Huyo anayedai kitu kipya kila siku aje anilipie kodi ya nyumba.

Mleta mada: Kwenye madoa umenipata kidogo, kaka. Fundi hatambuliki hivyo. Ila zipo picha zinazouzwa na saini ya E. S. Tingatinga ambazo marehemu hakuzigusa. Na hao mnawatetea?

Mdau 3: Hao ni matapeli. Usituchanganye nao.