Mizabibu ya Dodoma: nipunguze majani, vichala, au vyote viwili?

Mkulima wa Hombolo
Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Nina shamba dogo la mizabibu hapa Hombolo, sehemu kubwa ikiwa aina ya Makutupora nyekundu na mistari michache ya aina ya Chenin Blanc, matawi yote yakiwa yameshikizwa kwenye waya. Mavuno ya Februari na Machi ndiyo yanayonisumbua, kwa kuwa zabibu huiva mvua ikinyesha, na vichala vya Chenin Blanc, ambavyo punje zake hubanana, huanza kuoza kutoka ndani. Jirani yangu ananishauri niondoe majani yote yanayozunguka vichala na kukata theluthi ya vichala vyenyewe. Naomba kujua kama hatua hizo zina faida na zifanyike wakati gani, kwani mnunuzi wangu hulipa kwa kilo.

Mzee wa Waya
Ndugu, hizo ni kazi mbili tofauti, na kila moja ina wakati wake. Ukitoa majani ya chini kabla maua hayajachanua, maua hukosa chakula kilichokuwa kikitoka kwenye majani hayo, hivyo punje chache ndizo zitakazotunga na kichala kitakuwa na nafasi ndani yake. Uozo hupungua, lakini kilo nazo hupungua. Ukisubiri punje zitunge kwanza, idadi yake haitaguswa sana, ila hewa na dawa ya ubwiri unga (ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga) vitafika ndani ya kichala. Kwa shida uliyoieleza, ningetoa majani kabla ya maua kwenye Chenin Blanc peke yake, na baada ya punje kutunga kwenye Makutupora.

Mama Zabibu
Kaka, mimi suala la kukata theluthi ya vichala silikubali. Kupunguza vichala huharakisha sukari pale tu mzabibu unapokuwa umebeba kupita uwezo wake. Kama majani yanatosha, unatupa fedha chini na sukari haipandi kwa kiasi cha kulipia hasara hiyo, hasa kwa mtu anayelipwa kwa kilo. Kipimo kinachotumika sana kwa mizabibu ya waya ni eneo la majani la mita za mraba 0.8 hadi 1.2 kwa kila kilo ya zabibu. Angalia tawi moja moja: lenye majani 12 hadi 15 yenye afya linaweza kuivisha mzigo wake wa kawaida, ilhali tawi fupi lenye majani machache na vichala viwili ndilo la kupunguziwa.

Mpogoaji
Naungana na Mama Zabibu, na ninaongeza jambo ambalo wengi hulisahau. Macho, yaani vichipukizi vitakavyotoa vichala vya msimu ujao, yanajengwa sasa, ndani ya matawi haya haya, na yanahitaji mwanga pamoja na akiba ya chakula kwenye shina na mizizi. Kivuli kizito hupunguza uzazi wa macho hayo. Kuvua majani kupita kiasi nako hunyima mizizi akiba. Sisi tunaovuna mara mbili kwa mwaka tunaupa mzabibu muda mfupi wa kujirudisha, kwa hiyo anayeuvua majani yote atayaona matokeo kwenye mavuno ya Agosti na Septemba. Je, mistari yako imeelekea wapi?

Mkulima wa Hombolo
Imetoka kaskazini kwenda kusini. Nashukuruni sana, nilikuwa karibu kuwaita vibarua.

Mpogoaji
Basi toa majani upande wa mashariki tu, ambao hupata jua la asubuhi na kukausha umande mapema, na uache upande wa magharibi ufunikwe, kwa sababu jua la alasiri la Dodoma huunguza punje, hasa zile zilizozoea kivuli kisha zikafunuliwa ghafla wakati zinaanza kulainika.

Mzee wa Waya
Kuhusu vichala, kata vile vilivyochelewa na vilivyo kwenye matawi dhaifu, mara baada ya punje kutunga, ili zinazobaki zipate muda wa kunenepa na kufidia sehemu ya uzito. Ukikata zikiwa tayari zinalainika, fidia hiyo haipo tena. Acha mstari mmoja bila kuugusa kabisa, kisha pima kilo na sukari ya mstari huo na ya mingine siku ya kuvuna, ndipo uamue kuhusu shamba zima.