Naomba ushauri: multikasti haivuki ruta ya pili

Wakuu, habari za kazi. Nipo Mtwara mjini, nafunga runinga za mtandao kwenye hoteli yenye majengo mawili, kila moja na ruta yake. Picha zinarushwa kwa multikasti (mkondo mmoja unaopokelewa na runinga nyingi kwa pamoja), anwani 239.1.1.10. Jengo lenye seva zinaonekana safi. La pili giza tupu, ingawa pingi (jaribio la kuona kama vifaa vinafikiana) inapita.

TTL ya seva (kikomo cha ruta ambazo pakiti inaweza kuvuka) nimepandisha hadi 16, na ruta ya pili inapokea maombi ya IGMP (runinga zikiomba kupewa mkondo). Nashuku ukaguzi wa RPF (ruta hukataa mkondo usioingia kwa njia ile ile inayorudi kwenye chanzo): majengo yameunganishwa kwa waya na redio, njia ya kurudi kwenye seva inapita redio, lakini PIM (itifaki ya ruta kupitishiana multikasti) nimeiwasha kwenye waya tu.

Niweke njia ya multikasti ya kudumu kuelekea waya, au niwashe PIM na kwenye redio? Redio yenyewe mvua ikinyesha inasuasua, ndiyo maana nasita.