Pikipiki ya cc 125 haiwaki nyumbani, lakini ikifika gereji inawaka

Mkazi wa Kihonda:
Ndugu zangu, naomba ushauri wenu kabla sijatoa fedha nyingine. Nina pikipiki ya cc 125 ya kabureta, ya muundo ulioigwa kutoka Honda CG125, ambayo naitumia kupeleka mboga sokoni hapa Morogoro. Tangu masika yaanze imekuwa ikigoma kila asubuhi. Selfu inazungusha injini kwa nguvu, taa ya nyutro inaonekana na honi inalia, lakini injini haikohoi hata kidogo, na kiki nimepiga hadi goti linauma.

Fundi wa kwanza alibadilisha plagi, ikawaka palepale gerejini, nikalipa na kurudi nayo, kisha kesho yake ikagoma. Fundi wa pili alisema CDI, kile kisanduku kinachoratibu cheche, imekufa, akaweka mpya, na ikawaka kwa kiki moja. Asubuhi iliyofuata mambo yakawa yaleyale. Sasa anataka tununue koili inayokuza umeme wa plagi, na ikishindikana tufungue magneto inayozalisha umeme. Naona nitaishia kununua pikipiki nyingine kwa vipande. Nianzie wapi?

Fundi Mstaafu:
Ndugu, fedha yako ibaki mfukoni kwanza. Pikipiki iliyochoka ringi au iliyobanwa valvu ni nadra kuwaka gerejini kwa kiki moja, kwa hiyo suala la mgandamizo wa silinda tuliweke kando. Tunabaki na petroli na cheche, na plagi yenyewe itakuambia ni kipi kinakosekana. Ikigoma, piga kiki kama mara kumi huku choki ikiwa imeziba hewa, kisha fungua plagi uitazame. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, mafuta yanafika ila hayachomwi. Ikiwa kavu kabisa, rudi kwenye koki, mrija na jeti za kabureta.

Baada ya hapo irudishe plagi kwenye kofia yake na uegemeze chuma chake kwenye mapezi ya silinda, mbali na tundu la plagi, kwa sababu tundu hilo hutema mvuke wa petroli unaoweza kushika moto. Washa swichi, piga kiki, na uangalie kivulini kama kuna cheche ya bluu. Hakikisha plagi imegusa chuma vizuri muda wote, kwani umeme wa koili ukikosa njia ya kutokea unaweza kuitoboa koili yenyewe.

Dereva wa Masafa:
Naongezea jambo moja kwa kuwa umetaja masika. Mpira wa mfuniko wa tanki ukichakaa, maji ya mvua huingia kwenye petroli, na kwa kuwa ni mazito kuliko petroli hutuama chini ya bakuli la kabureta. Legeza skrubu iliyo chini ya bakuli, kinga mafuta kwenye chupa nyeupe, kisha uyaache yatulie. Kama kuna maji utayaona yamejikunja chini kama shanga. Mimi nilihangaika siku 2 nikimlaumu fundi wa umeme, kumbe nilikuwa nalisha injini maji.

Mkazi wa Kihonda:
Asanteni. Leo alfajiri imegoma tena, nami nimefanya yote mawili. Plagi imelowa na inanuka petroli. Kwenye chupa hakuna hata tone la maji. Cheche hakuna kabisa.

Ila kuna jambo limenichanganya. Nilimwita jirani anishikie tochi, tukaisogeza pikipiki uani na kuiweka kwenye stendi ya kati isije ikatuangukia. Nilipopiga kiki, cheche ya bluu ikaruka vizuri. Nikairudisha barazani ili nifunge plagi kivulini, nikapiga kiki, ikawa kimya.

Binti wa Gereji:
Kaka, CDI yako ya zamani pengine ni nzima. Niambie: hapo barazani pikipiki inakaa kwenye stendi ya pembeni huku usukani umekunjwa kushoto mpaka mwisho? Na je, injini haijawahi kuzimika ghafla unapokata kona kali ya kushoto?

Nauliza kwa sababu pikipiki nyingi za muundo huo hazitegemei betri kupata cheche. Magneto huzalisha umeme, CDI huuhifadhi, na kijikoili kidogo kiitwacho palsa huiambia CDI wakati wa kuuachia uende kwenye koili. Ndiyo maana taa, honi na selfu vinaweza kuwa salama ilhali plagi haipati kitu. Ukitaka uhakika, chomoa betri na upige kiki. Cheche ikitoka, pikipiki yako ni ya namna hiyo.

Sasa, swichi ya ufunguo katika mfumo huu haipeleki umeme kwenye CDI. Kazi yake ni kuzima: ukifunga ufunguo, waya mweusi wenye mstari mweupe unaunganishwa na fremu, na umeme wa cheche unamwagikia huko. Waya huo ukichubuka mahali ukagusa chuma, ni sawa na mtu amezima ufunguo, hata kama wewe umeuwasha.

Fanya hivi. Iache barazani ilivyo, katika mkao uleule inaogomea. Fungua kiti au kava ya pembeni, tafuta soketi ya CDI, uchomoe waya huo peke yake na uzungushie tepu ncha zake. Piga kiki. Ikiwaka, kosa liko kati ya CDI na swichi, wala si kwenye koili wala magneto. Angalizo ni kwamba waya ukiwa umechomolewa ufunguo hautaizima injini. Utaizima kwa kuingiza gia ya juu, kukaza breki na kuachia klachi taratibu. Usiingie nayo barabarani katika hali hiyo.

Mkazi wa Kihonda:
Dada, umeniona kana kwamba ulikuwa barazani kwangu! Tangu mvua zianze ndipo nilipoanza kuilaza humo, na baraza ni jembamba, kwa hiyo lazima nikunje usukani kushoto ndipo nifunge mlango. Pia iliwahi kuzima mara mbili nilipokuwa nakata kuingia getini, nami nikadhani nimeachia klachi vibaya.

Nimechomoa waya, ikawaka kwa kiki ya pili, usukani ukiwa umekunjwa. Nikafungua taa ya mbele na kufuata nyaya hadi shingoni mwa fremu. Hapo fungu lote limekazwa kwa kamba ya plastiki iliyofungwa nilipobadilisha taa mwezi wa pili. Usukani ukikunjwa kushoto, fungu linavutika na kusugua ukingo wa chuma, na rangi ya fremu pale imekwisha hadi chuma kinang'aa. Waya mweusi wenye mstari mweupe umechunika ganda kwa urefu wa punje ya mchele, na shaba yake imeota kutu ya kijani.

Fundi Mstaafu:
Vema sana. Kata sehemu yenye kutu yote, maana shaba iliyogeuka kijani hukatika baadaye hata ukiifunika, kisha uunganishe kipande kipya kwa risasi ya kuchomelea na uvike mpira. Kusokota na kuzungushia tepu hakutadumu mahali panapotikisika. Kabla hujafunga kamba mpya, peleka usukani kushoto na kulia hadi mwisho, na uone kwamba fungu limelegea pande zote mbili. Kisha rudisha waya kwenye soketi yake na ujaribu kama ufunguo unazima injini.

Mkazi wa Kihonda:
Nimemaliza jioni hii. Ufunguo unazima, na nimepiga kiki usukani ukiwa kushoto, katikati na kulia, pote inawaka. Nimejaribu pia kuirudisha CDI ya zamani, ambayo kwa bahati nilimwomba fundi anirudishie, nayo ni nzima. Duka limekataa kurudisha fedha ya ile mpya, kwa hiyo nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuiweka chini ya kiti.