Hoki ya barafu ya Davos: mbona Canada nchi nzima inacheza na vilabu?

Mangi_Mdogo
Wakuu habari za sahizi. Mimi si mtu wa michezo ya baridi kiivyo ila Desemba iliyopita tulikuwa nyumbani Kibosho, si mnajua tena sisi Wachaga ikikaribia Krismasi kila mtu anapanda mlimani hata kama nauli kakopa, sasa shemeji yetu anaishi Uswisi alikuja na watoto, wazee wako kwenye mbege yeye yuko pembeni na simu anaangalia watu wanateleza kwenye barafu wanagombania kitu kwa magongo. Nikamuuliza ndo nini hiki, akasema Spengler Cup, inachezwa Davos, kila mwaka inaanza tarehe 26 Desemba inaisha 31, na fainali inapigwa mchana kweupe, saa sita ya kwao yaani saa nane ya huku. Nikakaa naye. Kile kisahani cha mpira wanachopiga hata sikioni, nasikia tu watu wanashangilia ndo najua goli limeingia.

Sasa maswali yangu. Kwanza hii kitu ilianzaje, maana Davos mimi naijua kwa mikutano ya matajiri na marais tu. Pili, timu zingine zote ni vilabu halafu ghafla unaona timu inaitwa Canada. Hii si ni sawa na kwenye kombe la vilabu la Kagame uweke Simba, Yanga, Gor Mahia halafu wa nne ni timu ya taifa ya Nigeria?? Nilimuuliza shemeji akanijibu "ndivyo ilivyo" akaendelea na simu yake.

Kiboriloni_Finest
Barafu tunazozijua sisi ni za ubuyu na ile ya Kibo ambayo nayo inaisha 😂 ngoja nikae hapa nisubiri wajuzi

Babu_Lemosho
Mangi umenigusa, mimi ni mwongoza wapanda mlima miaka mingi na hii stori niliipata kwa mteja mwenyewe wa Davos. Tulikuwa kwenye gari tunaelekea geti la Londorossi la kupandia Kilimanjaro, tukipita Sanya Juu nikamwonyesha kwa mkono nikamwambia upande ule kuna Kibong'oto, hospitali ya kifua kikuu ya tangu enzi za Mwingereza, watu walikuwa wanaletwa huku kwa ajili ya hewa ya mlimani. Yule mzee akaniangalia akasema basi kwetu ni hivyo hivyo, Davos ilitengenezwa na TB.

Na kweli. Davos iko kama mita 1,560 juu ya usawa wa bahari, zamani kilikuwa kijiji cha wafugaji tu. Daktari mmoja Mjerumani, Alexander Spengler, akaenda kufanya kazi pale miaka ya 1850, akagundua wenyeji hawaugui kifua kama watu wa mabondeni. Kuanzia 1865 wagonjwa wakaanza kupanda hata wakati wa baridi, enzi hizo dawa ya TB hakuna, tiba ni kulazwa barazani umefunikwa mablanketi unavuta hewa baridi kavu na kuota jua, basi. Mji ukajaa sanatoria, yaani hospitali za wagonjwa wa TB, na mahoteli. Sasa fikiria watu wengine wamekuja kusindikiza ndugu zao, wengine wamepata nafuu, mchana kutwa wanafanya nini? Ndo michezo ya barafu ikashika pale, uwanja ulikuwa unagandishwa na baridi ya Mungu mwenyewe, haukuhitaji mashine.

Mtoto wa huyo daktari, Carl Spengler, naye akawa daktari wa TB, alifanya kazi na Robert Koch yule yule aliyegundua kidudu chenyewe cha TB. Huyu Carl ndo alitoa kombe mwaka 1923. Na hapa ndo penye utamu: vita ya kwanza ilikuwa imeisha juzi tu, Wajerumani na Waaustria walikuwa wamefukuzwa kwenye shirikisho la hoki la kimataifa tangu 1920, Wajerumani wamerudishwa 1926, yaani hakuna anayetaka kucheza nao. Carl akasema njooni kwangu, vilabu vya kutoka nchi zilizokuwa zinapigana mkutane kwenye barafu. Mwaka huo huo wa kwanza kombe likabebwa na nani? Oxford, Waingereza. Ila Waingereza jina, wale vijana wengi walikuwa Wakanada wamekuja kusoma. Wakachukua tena 1925 na 1931.

Yule mzee wa Davos alinisimulia haya yote siku ya kwanza tu, tumefika kambini hajamaliza. Kesho yake pumzi ikamfunga mdomo.

Njiro_Mamaa
Babu Lemosho asante, umenikumbusha bibi yangu alilazwa Kibong'oto miezi mingi akiwa msichana, hadi anazeeka alikuwa akisikia baridi kali anasema "hewa ya Kibong'oto hii".

Niongezee hapo kwa Canada maana baba mtoto wangu ni mgonjwa wa huu mchezo. Mangi mfano wako wa Kagame nimecheka lakini ni sahihi kabisa, ni mashindano ya vilabu, Canada ni mwalikwa. Wameanza kuja kama Canada mwaka 1984, na wakafika tu wakachukua kombe. Ila usidhani ni wale mastaa wa ligi kuu ya Marekani, hao Desemba wako kazini kwao. Hii inaokotwa zaidi na Wakanada wanaocheza ligi za Ulaya, Uswisi, Ujerumani, huko, ndani ya siku chache wanakutana wanavaa jezi yenye lile jani la bendera ya Canada. Kabla ya hapo miaka ya 80 Warusi nao walisumbua sana, Spartak Moscow. Mpaka 2023 mwenyeji HC Davos na Canada walikuwa sawasawa, makombe 16 kwa 16, halafu 2024 likachukuliwa na Fribourg, klabu nyingine ya Uswisi, wala si Davos wala Canada, baba mtoto hakula chakula cha mchana.

Na mwaka 2021 si walifuta mashindano siku ya Krismasi yenyewe kisa korona? Kesho yake ndo ilikuwa ianze, na 2020 pia haikuchezwa. Hebu mtu avumilie hapo.

Mtoto_wa_Namanga
Mnaongelea mbali, Nairobi pale hoteli ya Panari barabara ya Mombasa uwanja wa barafu umekuwepo tangu 2005, na Wakenya wana timu yao Ice Lions, 2018 walipelekwa mpaka Canada. Mimi nilijaribu kuteleza hapo mara moja. Makalio yaliuma wiki nzima na kiingilio nililipa mwenyewe.

Mangi_Mdogo
Nyie watu 🙌 kumbe nilikuwa naangalia kombe la daktari wa TB bila kujua. Babu Lemosho swali moja la mwisho, hicho kisahani unakifuataje kwa macho?

Babu_Lemosho
Hukifuati. Yule mteja aliniambia angalia mabega ya mchezaji, akigeuka ndiko kinakokwenda. Na usishangae ukiona wachezaji wanatoka wanaingia kama daladala, wanabadilishana hata dakika haijaisha maana kule kukimbia kwa nguvu mtu anakata pumzi upesi, na pale juu hewa yenyewe ni nyepesi. Vipindi vitatu, dakika 20 kila kimoja.

Kiboriloni_Finest
Saa nane mchana tarehe 31 ndo ndafu inakatwa nyumbani kwetu. Shemeji achague moja